Besi ya Shimoni

Vijana wa kwaya yetu walikuwa wakibishana baada ya ibada, nami nimekaa benchi la mbele nikimngoja mkwe wangu anifuate. Gitaa lao la besi limekufa. Lile hasa wanalolitaka, lenye sauti ya muziki wa zamani, bei yake haishikiki, kwa hiyo wanatafuta jingine litakalokaribiana nalo. Mmoja alisema sauti iko kwenye nyuzi. Mwingine alisema iko kwenye mbao. Wa tatu, aliyekuwa ameazima gitaa mahali, aligusa uzi mmoja mnene, na sauti ikapita sakafuni, ikapanda kwenye benchi na kuniingia mgongoni. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nikaona haya ghafla, nikajifanya natafuta miwani kwenye mkoba.

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili asiwepo wa kunionea huruma mahali nisipostahili. Watoto wengine huzaliwa na alama shingoni au kidole cha sita. Mimi nilizaliwa na wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina, uliitwa Lugano. Alikuwa binti wa baba mdogo, yaani ndugu yangu kabisa kwa hesabu ya kwetu. Nyumba zetu zilitazamana katika uwanja mmoja, upande wa juu wa Mbeya, ambako asubuhi huoni shamba la viazi mpaka ukungu uamue kuondoka. Alinizidi miezi michache, na kwa miezi hiyo alipewa kila kitu kwanza, hata surua.

Lakini tulikuwa tunalingana mradi baba yake hayupo. Alikuwa amekwenda migodini, huko kusini kwenye shaba, na kwa miaka kadhaa Lugano alikuwa mtoto anayekula kwetu. Nilimpenda sana wakati huo. Wenzangu wa rika langu mnajua siku wanaume wale walipokuwa wakirudi, watoto wanavyokimbilia barabarani na akina mama wanavyovua aproni. Baba mdogo aliteremka kwenye lori amevaa kofia, ana sanduku la bati, mablanketi mazito mawili, na gramafoni ya kukoroga kwa mkono pamoja na santuri sita zilizofungwa ndani ya shati. Kuanzia siku hiyo Lugano ndiye aliyekoroga gramafoni. Mimi niliruhusiwa kushika kitambaa cha kufutia vumbi.

Baba yangu hakuwahi kwenda kokote. Alilima viazi, akarudi nyumbani, akaosha miguu, akala. Nilimtazama akiosha miguu nikamwona hafai.

Katika santuri moja kulikuwa na magitaa yanacheka juu juu, na chini yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, inakwenda polepole. Besi niliijua. Kanisani iliimbwa na mzee mmoja mnene aliyefumba macho. Ila hii haikuwa kinywa cha mtu. Ilianguka, ikakaa kidogo, kisha ikaondoka bila haraka, na mimi tumbo langu likaondoka nayo. Nilimuuliza baba mdogo inatoka wapi.

"Chini, mwanangu," akasema akicheka. "Chini kabisa."

Alikuwa ananitania, lakini nilikuwa na sababu za kumwamini. Alishatusimulia jinsi walivyoingizwa ndani ya kizimba cha chuma wakateremshwa ardhini mpaka masikio yakaziba, na huko kuna barabara, taa, na watu wanafanya kazi wasijue kama juu kunanyesha. Nikaunganisha mwenyewe. Sauti ile iliishi huko chini, walioteremka waliikuta, wengine wakaitia kwenye santuri. Na ushahidi nilikuwa nao, kwa sababu baba mdogo mwenyewe alirudi nayo kifuani. Kila alipocheka sana alikohoa, na kikohozi chake kilianzia mbali, kikapanda polepole, kizito, kikimtikisa mabega. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo hiyo. Lugano amepata gramafoni, na juu ya gramafoni amepata baba mwenye besi.

Nilikuwa muuguzi miaka mingi baadaye, nikavisikiliza vifua vya namna hiyo, na leo najua ni vumbi la mawe. Wakati ule nilikionea wivu kikohozi. Nilienda nyuma ya mtungi wa maji nikajifunza kukikohoa, kidevu kimegusa kifua, mpaka mama akanikuta na kunichapa kofi la mgongo.

"Gwe, wewe, unamwigiza mgonjwa? Mwee! Kitakukamata kweli!"

Nikatamani kinikamate.

Sasa kaka yangu Gwamaka. Alikuwa amesoma shule ya kati Iringa, akarudi na gitaa la mbao na majivuno mengi. Huko Iringa aliwahi kusimama dirishani kwenye dansi akaona gitaa kubwa la besi, linasimama peke yake, refu kumpita mpigaji, na mpigaji amelikumbatia. Hakulala siku mbili. Yeye na rafiki yake mmoja walijua nyimbo zote za zile santuri, lakini bila ya chini, alisema, muziki wao ulikuwa chai bila sukari. Gitaa kama lile hakuna aliyeweza hata kuota kulinunua. Ilibidi kutafuta kitu cha kukaa mahali pake. Na vijana wenzake wote walitaka gitaa la mbele, wasichana wawaone. Hakuna aliyekubali kusimama nyuma na besi ya kubuni. Ndipo akatukumbuka sisi, mimi na Lugano.

"Rafiki yangu wa shule anaoa Iringa," alitutangazia. "Mwezi ujao tunakwenda kumpigia. Baba mdogo naye anakwenda kuonana na daktari wa misheni kwa ajili ya kifua, kwa hiyo mmoja wenu tutampakia lorini. Atakayenipatia sauti ile ya santuri, yeye ndiye mpiga besi."

Iringa! Mimi nilikuwa nimefika mwisho Uyole. Usiku huo sikulala, na kesho yake nilishaanza kumchukia Lugano kwa kufika Iringa kabla yangu, ingawa alikuwa bado amekaa jikoni kwetu anamenya viazi.

Lugano alipata sanduku la chai. Baba yake alilichukua kwa Mhindi mwenye duka, lile sanduku kubwa la mbao nyembamba lenye karatasi ya fedha ndani na kingo za bati. Alilipindua, akalitoboa katikati, akapitisha kamba ya katani, ncha ya juu akaifunga kwenye mpini wa jembe. Ukikanyaga sanduku na kuuvuta mpini nyuma, kamba inakaza na sauti inapanda; ukilegeza, inashuka. Likipata jua lilinukia chai uwanja mzima, na mimi nilikuwa nikizuia pumzi nikipita.

Mimi sikuwa na sanduku, ila nilikuwa na siri. Kama sauti inatoka chini, ya nini kuitafuta juu ya mbao? Nyuma ya jiko nilichimba shimo la kufika magotini, nikalipanua kwa ndani, nikafunika mdomo wake kwa bati la debe nililolikunjua na kulikaza kwa vigingi na udongo. Kando nikasimika mwanzi mrefu, nikauinamisha juu ya shimo, na kutoka ncha yake nikashusha kamba mpaka katikati ya bati. Kamba nayo haikuwa ya katani. Babu yetu alipiga zeze, na nilimwona akisokota utumbo wa kondoo. Pasaka ile tulipochinja, niliiba utumbo, nikausafisha, nikausokota, nikauning'iniza juu ya moshi wa jikoni mpaka ukawa mgumu na wa njano. Mama alinitafuta kwa fimbo, maana ule utumbo ulikuwa mboga ya siku mbili.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumamosi alasiri. Gramafoni iliwekwa juu ya kigoda uwanjani, na baba mdogo alikaa mlangoni kwake amejifunika blanketi.

"Tulieni," Gwamaka akasema. "Lugano, koroga. Santuri inaimba kidogo, tunazima, halafu mtu anapiga yake. Nataka ileile, sitaki ya kufanana."

Rafiki yake alianza, kwa kujaribu tu, na debe tupu lenye waya wa breki ya baiskeli. Gwamaka hakusubiri hata amalize.

"Huyo ni mbu. Toa."

Lugano akapanda kwenye sanduku lake. Alipiga vizuri, siwezi kusema uongo, aliujua wimbo na mkono wake ulikuwa na saa ndani yake. Nilimwangalia Gwamaka usoni nikiomba Mungu. Alikuwa amefumba macho, kisha akakunja pua.

"Inagonga," akasema. "Inagonga ila haiimbi. Sikilizeni ile ya santuri, inaanguka, inakaa, ndiyo inaondoka. Hii ikianguka imekufa palepale."

"Yangu iko nyuma ya jiko," nikasema.

Walinifuata wakicheka. Walipoliona shimo wakacheka zaidi. Nikachuchumaa, nikashika mwanzi kwa mkono wa kushoto na kuigusa kamba kwa wa kulia. Sijui niwaelezeje. Haikusikika masikioni kwanza, ilisikika kwenye nyayo. Kuku waliinua vichwa. Rafiki wa Gwamaka alirudi nyuma hatua moja, na baba mdogo, huko mlangoni kwake, akauliza kwa nguvu ni nani aliyefungua tena gramafoni.

"Ndiyo hii!" Gwamaka akapiga kelele. "Ndiyo hii, Tumpe! Umeipata!"

Tumpe ndiye mimi. Kwa muda wa kama kukoroga gramafoni mara moja nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote nchi ile ya juu, na nilimgeukia Lugano ili anione. Alikuwa anatabasamu. Hilo lilinikera.

Kisha Gwamaka akajikuna kichwa. Alilizunguka shimo, akapiga bati kwa kidole cha mguu.

"Lakini shimo halipandi lori," akasema.

"Nitachimba jingine Iringa."

"Uchimbe uwanja wa watu siku ya harusi yao? Watauliza nani kafa." Akainama, akaipapasa kamba yangu. "Ila kakamba haka ndiko kenye kuimba. Tukikafunga kwenye sanduku la Lugano, tumemaliza. Tumpe, kesho ukafunge pale. Lugano atapiga."

Nililia, nikajitupa chini, nikasema ni kamba yangu, kondoo wangu, moshi wangu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mpe ndugu yako! Baba yake ni mgonjwa, acha aende naye. Wewe baba yako mzima umekosa nini?"

Nilikosa kila kitu, ndivyo nilivyoona. Hata ugonjwa nilinyimwa.

Kesho yake baada ya kanisa nilikubali ghafla, nikawa mpole, mpaka mama akanishika paji la uso. Nilisema mimi ndiye ninayejua kuifunga kamba hiyo, kwa hiyo wanipishe. Wembe wa baba ulikaa ndani ya kopo la tumbaku juu ya mlango. Nilijifungia na sanduku la chai katika chumba cha kuwekea mbegu, nikaipitisha kamba, nikapiga fundo kwa ndani, na pale inapopita tundu la mbao, mahali jicho halifiki, nikaikata nusu ya unene wake. Nilifanya kwa uangalifu sana, ulimi nje. Ikipigwa polepole ingeshika. Watu wakikolea, na mpigaji naye akikolea akavuta mpini wote, isingeshika. Nilitaka ikatike mbele ya bibi harusi. Nawaambia nilivyotaka, msije mkafikiri nilikuwa nacheza.

Kesho yake asubuhi walipanda lori la viazi. Lugano aliinamia chini kutoka juu ya magunia akaniuliza aniletee nini Iringa. Nikasema sitaki kitu.

Siku ya kwanza nilikuwa na raha. Nilijipigia shimo langu kwa kamba yake ya katani, ikatoa sauti ya kugonga mlango, nikacheka peke yangu. Siku ya pili nilianza kuhesabu nyimbo. Siku ya tatu sikula. Baba alinikuta nimekaa kando ya shimo, akakaa naye, miguu yake bado ina matope, akaniambia nikikua atanipeleka Iringa mwenyewe, hata kwa kuuza ng'ombe. Wema wake ulinichoma, nikaondoka bila kumjibu.

Waliporudi, Gwamaka aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa.

"Imekatika!" akasema. "Wimbo wa tatu, bwana harusi ndiyo kwanza anainuka kucheza, pwaa! Mwee, nimeaibika mimi! Tumebaki tunapiga magitaa matupu kama watoto wa shule."

Nikangoja aniangalie mimi. Hakuniangalia. Alikuwa anamnyooshea kidole Lugano, aliyekuwa anamsaidia baba yake kuketi juu ya sanduku la bati.

"Niliivuta mno, kaka," Lugano akasema. "Halafu kabla ya hapo niliianika karibu na moto. Ilikauka. Kosa langu."

"Kamba nzuri vile! Mtoto wa watu kahangaika nayo, wewe unaipika! Basi, kuanzia leo besi anapiga Tumpe. Wewe rudi kwenye gramafoni yako."

Baba mdogo alifungua mdomo kumtetea mtoto wake, kikohozi kikamwahi. Daktari alikuwa amempa chupa ya dawa na kumwambia apumzike. Hakuishi kuvuna mahindi ya msimu uliofuata. Lakini siku ile nilikuwa simwangalii yeye, nilikuwa naangalia sanduku la chai, jinsi wanavyolishusha, jinsi wanavyolileta na kuliweka mbele ya miguu yangu.

Mngependa niseme nililikataa. Ningekuwa naandika kitu kizuri zaidi. Nililipokea.

Jioni tulikwenda kisimani wawili, kama kawaida yetu. Lugano alitua ndoo, akafungua fundo la pindo la khanga yake. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kamba yangu. Alivishika vikakaribiana. Nusu ya unene ilikuwa imechanika nyuzinyuzi, nusu nyingine ilikuwa laini, imenyooka, kazi ya wembe.

"Gwamaka alivitaka," akasema. "Nikamwambia nimevitupa."

Alivitumbukiza kisimani mbele ya macho yangu, kimoja, halafu kingine. Nilingoja anitukane, na angalau hilo ningeliweza.

"Wewe unaipenda ile sauti," akasema. "Mimi naisikia kwetu kutwa. Kwenye lori niliisikia safari nzima, imeegemea bega langu. Nikafika, nikasimama kupiga, ni ileile. Ilipokatika nilipumua. Chukua wewe tu, Tumpe."

Hapo ndipo mtoto mwema angelia. Angemshika mkono ndugu yake, angeomba radhi, angeuliza hali ya baba. Nilikuwa na umri wa kutosha kuyajua hayo yote. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nimefundishwa nyumbani na kanisani. Lakini kilichokuwa kinaniwasha tangu lori lilipofika kilikuwa kingine kabisa, na sikuweza kukizuia.

"Hizo nyimbo mbili," nikamuuliza, "kabla haijakatika. Watu walikupigia makofi?"

Lugano akachota maji, akajaza ndoo yake, akajaza na yangu.

"Walipiga," akasema. "Mama wa bwana harusi alinitunza. Alikuja mpaka kwenye sanduku akanifunga khanga mabegani, mbele ya watu wote."

Alijitwisha ndoo, akatangulia kupanda kilima. Mimi nilibaki nyuma hatua chache, nikijizuia, mpaka nikashindwa.

"Rangi gani?" nikamuuliza.